Unahamia Dar na baiskeli? Soma hapa kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mara kuna mtu ananifuata inboksi na swali lile lile: kapata kazi au uhamisho wa kuja Dar, huko aliko anatumia baiskeli kila siku, sasa anauliza kama aje nayo au aiuze. Wengi wanatoka Shinyanga, Tabora na Morogoro, kwenye miji ambayo mtu mzima kuonekana juu ya baiskeli si habari. Nimeona niweke uzi kabisa, siku nyingine niwe natuma linki tu.

Inawezekana. Ila yote yanategemea umepanga wapi na kazi iko wapi, na hapo ndipo watu wanapoharibu mapema. Dalali anakutembeza, unaona chumba kina tailizi, maji yapo, feni ipo, unatoa kodi ya miezi sita. Jumatatu asubuhi unagundua kati yako na kazini kuna Barabara ya Mandela. Baiskeli inageuka ya kuanikia taulo.

Dar ni jiji la watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, na limerefuka kufuata barabara nne zinazotoka mjini: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere (wazee bado wanaiita Pugu Road) na Kilwa. Mandela na Sam Nujoma zinapita kwa ubavu kuziunganisha. Ukiishi na kufanya kazi kwenye barabara moja kati ya hizo nne, una nafuu. Ukiwa wa kuvuka kutoka moja kwenda nyingine kila siku, fikiria mara mbili.

Nianze na Morogoro Road, kwa sababu ndiyo yenye njia ya baiskeli ya kueleweka. Mwendokasi awamu ya kwanza ilianza 2016, na pamoja na zile njia za basi wakajenga njia ya baiskeli kutoka Kimara hadi mjini. Mradi wenyewe ndio uliotupa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018. Tuzo tulipokea, njia tukawaachia wenye vibanda. Kuanzia Kimara hadi Ubungo bado unaendesha kwa raha, hasa alfajiri. Manzese sasa, kuanzia Tip Top hadi Argentina, kuna meza za viatu, kuna jiko la chipsi, kuna pikipiki zinakuja uso kwa uso, kuna mtu kasimama katikati anaongea na simu. Unapiga kengele, anakuangalia kana kwamba umeingia sebuleni kwake. Pale mwendo ni wa mtu anayetembea haraka, kubali tu. Ukishapita Magomeni unapumua tena.

Kimara iko juu na mjini ni chini, kwa hiyo asubuhi unateremka unafika kazini shati kavu. Jioni unailipa ile miteremko yote, na jua la magharibi linakupiga usoni. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kama kilomita 16. Mtu wa kawaida mwenye baiskeli nzima anaimudu, na saa za foleni anawapita wenye magari.

Kuna tahadhari moja: usishawishike kuingia njia ya basi la mwendokasi hata ukiiona tupu. Lile basi linakuja kimya, likiwa na mwendo, na dereva hana pa kukukwepea kwa sababu pembeni kuna ukingo. Na ndani ya basi usitegemee kupanda na baiskeli.

Bagamoyo Road ilipanuliwa kutoka Mwenge hadi Tegeta, imekuwa pana, na upana wenyewe ndio tatizo. Magari yanakimbia, malori ya saruji ya Wazo yamo humo humo, na ujenzi wa mwendokasi umeongeza vumbi na njia za mchepuko. Mtu wa Tegeta anayefanya kazi Posta ana kama kilomita 25 kwenda tu. Wapo wanaofanya hivyo, ila hao ni watu wa mazoezi, wana suruali za kubana na chupa mbili za maji. Usijilinganishe nao.

Lakini ukija huku ndani, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, mambo yanabadilika. Maeneo haya yalipimwa viwanja kwenye miaka ya 1970, kwa hiyo mitaa imenyooka na inatokezea kwenye mitaa mingine. Mgeni halioni hilo haraka. Sehemu ambazo hazikupimwa, unaweza kufuata kichochoro dakika kumi kikaishia kwenye choo cha mtu. Sinza unaweza kwenda kutoka Shekilango hadi karibu na Mwenge bila kugusa barabara kubwa isipokuwa kuivuka. Kutoka Mikocheni kwenda mjini napita mitaa ya ndani, nakata Oysterbay, navuka Daraja la Selander, halafu Upanga ambako kuna miti na kivuli. Daraja la Tanzanite tangu lifunguliwe 2022 limepunguza magari Selander, kwa hiyo mimi nimebaki na Selander. Kule Tanzanite ni kilomita nzima juu ya bahari, upepo wa ubavu, na gari zinapita kama zinafukuzwa.

Mandela sina la kusema sana. Ni barabara ya malori ya bandarini kutoka Kurasini hadi Ubungo, usiku na mchana. Ivuke, usiifuate.

Nyerere Road hadi Gongo la Mboto sijaizoea vya kutosha kuielezea, wa huko waje waseme. Ninachojua ni kwamba pale TAZARA, tangu Daraja la Mfugale lifunguliwe 2018, baiskeli unabaki chini kwenye taa, huendi juu. Hivyo hivyo Ubungo kwenye Daraja la Kijazi: wewe ni wa chini.

Sasa hatari yenyewe. Watu wanaogopa malori. Mimi naogopa daladala linalotaka kituo. Tunaendesha kushoto, vituo viko kushoto, na wewe uko kushoto. Indiketa sahau. Anayekupa taarifa ni konda: abiria akisema "shusha", konda anagonga bodi mara mbili, na kabla hujamaliza kufikiri gari limelala upande wako na mlango uko wazi. Kwa hiyo hedifoni acha nyumbani. Ukisikia bodi inagongwa, breki hapo hapo, usijifanye unawahi kupita. Akiwa amening'inia mlangoni, angalia mkono wake. Mkono ukiwa chini unapepea nyuma, gari linaingia. Ukiwa juu unaita abiria, linaingia pia.

La pili ni giza. Jua linazama saa 12 na kitu mwaka mzima, na giza la pwani halina subira. Mtu anayetoka ofisini saa 11:30 jioni anafika nyumbani usiku. Taa ya nyuma nyekundu ni muhimu kuliko helmeti, na helmeti ni muhimu.

Joto mtalizoea, ila Desemba hadi Machi si mchezo. Beba shati la pili kwenye begi, tafuta bomba la maji kazini, oga nusu. Ofisi nyingi hazina bafu. Na mlinzi wa getini atakwambia baiskeli ikae nje kwenye mti huku pikipiki zinaingia. Ongea naye kwa adabu siku ya kwanza, mletee hata soda. Mimi yangu sasa inalala ndani ya chumba cha jenereta.

Naomba kuwasilisha. Waliobaki ongezeeni.

Mdau wa Mbagala

Mkuu uzi mzuri, ila umeandika kwa ajili ya watu wa Mikocheni wenye uchaguzi. Wanaoendesha baiskeli kweli kweli jiji hili hawachagui nyumba kwa kuangalia njia. Muuza madafu anayetoka huku na mzigo nyuma, muuza mkaa anayeshuka kutoka Pugu, jamaa wa guta anayesomba mizigo Kariakoo, hao ndio waendesha baiskeli wa Dar. Wanapita Kilwa Road kila siku ya Mungu na hawana helmeti wala hiyo taa nyekundu.

Halafu mchunguze muuza madafu anavyopita. Anatoka saa 11 alfajiri, barabara nyeupe. Kwenye mlima hapandi, anashuka anasukuma, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye kiti. Kwenye makutano hasubiri taa, anasubiri watembea kwa miguu wavuke, anavuka katikati yao. Miaka yote hiyo yuko hai. Mgeni akitaka kujifunza Dar, amfuate huyo asubuhi moja.

Kwa anayepanga huku: kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi mjini ni kama kilomita 12, mwendokasi awamu ya pili imeacha njia za pembeni, na ni tambarare kuliko Kimara. Ukifika Mtoni unaweza kuachana na barabara kubwa, ukakata Tandika, Temeke, Chang'ombe hadi Keko. Mchanga upo baadhi ya mitaa, tairi nyembamba itakutesa.

Mleta mada

Hapo kwenye kuvuka na watembea kwa miguu umenena, hata mimi kwenye makutano ya Fire navuka hivyo hivyo. Asante kwa njia ya Temeke, nilikuwa siijui yote.

Dada wa Tabata

Naomba niongee kwa upande wa wanawake maana hamjatugusa kabisa.

Naendesha kutoka Tabata kwenda Buguruni hadi Ilala. Tatizo langu kubwa ni hiyo Mandela yenu: naivuka mara mbili kwa siku. Pale Tabata Relini nashuka, navuka nasukuma, napanda ng'ambo. Sioni aibu.

Maneno yapo. "Sista nipakie", "dada utachanika", na wengine wanapiga honi makusudi ili ushtuke. Wiki za mwanzo yanachosha, baadaye vijiwe vinakuzoea, wanaanza kukusalimia. Kijiwe kimoja cha bodaboda pale Buguruni sasa wao ndio wananiwekea upepo, na mwanamume mwingine akinitania wanamjibu wao.

Mavazi: baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, inaniruhusu kuvaa gauni. Dira liache, litaingia kwenye spoki. Hijabu hainisumbui, nabana na pini mbili, helmeti juu yake. Tafuteni yenye mfuniko wa mnyororo, grisi haitoki kwenye nguo hata uifanyeje. Zile za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele nyingi zinao.

Na usiku siendeshi. Ikinikuta giza namlipa bajaji, tunaifunga nyuma kwa kamba.

Bodaboda wa Magomeni

Nimesoma mpaka mwisho, naona tunalaumiwa tu. Kwenye ile njia yenu ya baiskeli tunaingia ndiyo, kwa sababu huku juu gari za watu binafsi zinatubana, na trafiki akitaka wa kumkamata anaanza na sisi. Hiyo njia ina baiskeli ngapi kwa saa? Nyinyi mngekuwa wengi tusingeingia.

Ushauri wangu kwa wageni ni huu: mkituona tunakuja uso kwa uso, nyookeni tu, msiyumbe. Anayetugonganisha ni yule anayeyumba kushoto, halafu kulia, halafu kushoto. Ukinyooka mimi nakukwepa, hiyo ndiyo kazi yangu.

Mleta mada

Kaka, kuingia kwenye njia ya baiskeli ni kosa na unajua. Ila la kutoyumba ni kweli tupu, wageni lishikeni.

Mdau wa Kigamboni

Mbona Kigamboni mmeiruka? Huku ndiko kwa baiskeli jamani.

Unaamka Mjimwema au Kibada, lami imenyooka, magari machache, unafika Feri, unaingia kivukoni na baiskeli unaisukuma pamoja na waenda kwa miguu, dakika chache uko Magogoni. Ukishuka, Posta yote iko mbele yako, ofisi nyingi ni mwendo wa dakika tano. Usipande mbele kabisa karibu na mlango wa magari, na shika breki ya mkono muda wote. Kivuko kikigusa ng'ambo kinatikisika na kila mtu anasukuma.

Ubaya: kivuko kimoja kikiharibika unasubiri hadi unasahau ulikuwa unaenda wapi. Siku hizo kuna Daraja la Nyerere, mita 680, lilifunguliwa 2016, lakini linakutupa Kurasini kwenye malori. Na kipindi cha kusi, Aprili hadi Septemba hivi, ukirudi jioni kuelekea Gezaulole upepo unakurudisha nyuma. Wikiendi nenda hadi Kimbiji, utanishukuru.

Halafu chumvi. Mnyororo wa Kigamboni unakula kutu haraka kuliko wa Kimara. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukifika, mafuta kidogo kila wiki. Usitumie mafuta ya kula, nimewaona watu.

Wa Shinyanga

Wakuu mimi ndiye mmoja wa wale wa inboksi. Nashukuru sana. Maswali mawili. Kwanza nina Phoenix, nije nayo au niuze ninunue huko yenye gia? Pili, nimepewa vyumba viwili nichague: kimoja Kimara Korogwe, kingine Tabata Segerea. Kazi iko mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Cha Segerea ni kizuri zaidi na bei ni ile ile.

Mleta mada

Njoo na Phoenix yako. Tairi lake, 28 kwa 1½, kila fundi wa kijiweni analo, na spoki, na bearingi. Haina gia lakini kutoka Korogwe kwenda Gerezani asubuhi huhitaji gia, na jioni ukichoka unasukuma pale kwenye mlima kama wenzako wote. Hizi za mtumba za Kijapani ni nzuri na zina gia tatu za ndani, ila tairi zake ni 26 au 27 kwa 1⅜, na hasa hiyo 27 utaitafuta Kariakoo nusu siku. Afadhali valvu yake ni sawa na ya Phoenix, pampu ya fundi inaingia. Za mashindano kutoka Ulaya zina valvu nyembamba, kijiweni hawana pampu yake na sheli ndiyo kabisa, beba yako.

Nyumba: chukua Korogwe. Segerea kwenda Gerezani utavuka Mandela kila siku, na dada wa Tabata ameshakueleza. Uzuri wa chumba utausahau ndani ya wiki mbili, njia utaipita kila siku.

Kwa Korogwe kuna jambo moja la kupanga mapema, nalo ni Jangwani. Masika, Machi hadi Mei, Mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa pale chini na hata mwendokasi husimama. Mpaka daraja jipya likamilike, siku ya mvua kubwa usiende kujaribu kina kwa tairi la mbele. Geuzia Magomeni, shika Kawawa Road, toka Kinondoni, ingia Upanga kwa kupitia Selander. Ni mzunguko mrefu lakini unafika. Ikinyesha usiku kucha, mpigie mtu wa upande wa pili kabla hujatoka.

Bodaboda wa Magomeni

Ukiona pikipiki zote zinageuka Mapipa, na wewe geuka.

Wa Shinyanga

Basi Korogwe. Naisafirishaje?

Mleta mada

Kwenye basi lako hilo hilo. Toa pedali, legeza usukani uuzungushe ulale sambamba na fremu, funga mnyororo kwa gunia usichafue mizigo ya watu, na elewana bei na konda kabla basi halijaondoka, siyo ukifika. Utashukia Mbezi, Kituo cha Magufuli. Hapo tayari uko juu ya Morogoro Road. Ukifika mchana, rudisha pedali, kaza usukani vizuri, jaza upepo, halafu fuata barabara kuelekea mjini: Temboni, Suka, Kimara Mwisho, na baada yake ni Korogwe. Ukifika usiku, ilaze kwenye bajaji.

Na spana yako ya pedali weka mfukoni, siyo kwenye begi la chini ya buti.